Rangi huisha kwa kusuguliwa

Mwenye gari akiuliza aoshe mara ngapi, hujibiwa kwa hesabu tu: kila siku, kila wiki, kila baada ya mvua. Bora aulize kwanza nini hasa kinaiharibu rangi. Tabaka zote za rangi ya kiwandani kwa kawaida ni mikroni 100 hadi 150, na klia ya juu, ile inayobeba mng'ao na kuzuia jua lisipaushe rangi, ni mikroni 40 hivi, nyembamba kuliko unywele. Vumbi la barabarani lina mchanga, na mchanga mwingi ni madini ya kwatsi, ugumu wake 7 kwenye kipimo cha Mohs. Chuma cha bodi chenyewe hakifiki hapo, sembuse klia. Vumbi kavu likitulia juu ya boneti halidhuru kitu mpaka apite mtu na kitambaa.

Tazama gari linavyooshwa sehemu nyingi za Dar es Salaam. Ndoo ni moja, sabuni ni ya unga, na kitambaa kilichotoka kusugua ringi kinachovywa humohumo kisha kinapelekwa mlangoni. Sabuni ile imetengenezwa kung'oa mafuta kwenye nguo, kwa hiyo inaondoka na nta iliyopakwa kuikinga klia. Baada ya miezi kadhaa, gari jeusi likisimama juani linaonyesha mikwaruzo myembamba iliyozunguka mng'ao wa jua kama utando wa buibui. Dawa yake ni polishi, na polishi hufanya kazi kwa kula klia yenyewe. Haiwezi kurudiwa bila kikomo. Anayeosha hivyo kila asubuhi anaimaliza rangi kwa juhudi zake mwenyewe.

Watu wa pwani watasema chumvi ya bahari haingoji. Ni kweli, ila chumvi hula chuma, na chuma hufikiwa kupitia rangi iliyobanduka na kule chini ya gari ambako hakuna anayetazama. Huko kunahitaji maji ya presha, si kusugua paa. Hoja nzito zaidi ni kunguru. Kinyesi cha ndege kina tindikali, na kikikaukia juani juu ya klia iliyolainika kwa joto huacha alama isiyotoka kwa sabuni. Hicho kiondolewe siku hiyohiyo: kiloweshwe kwa kitambaa chenye maji dakika chache, kiinuliwe bila kusuguliwa. Hakuna haja ya kuosha gari zima kwa sababu ya doa moja.

Kwa gari la kawaida mjini, basi, kuosha kikamilifu mara moja kwa wiki moja au mbili kunatosha, kwa shampuu ya gari na ndoo ya pili ya kusuuzia, maji mengi yakitangulia kuondoa mchanga. Dereva wa teksi atauliza abiria atapanda vipi gari lenye vumbi. Yeye amwagie maji kila siku akipenda, ilimradi asiguse mpaka mchanga uondoke, na afanye hivyo kivulini. Maji ya visima vingi vya jiji yana chumvi, na yakikaukia kwenye bodi yenye moto huacha miduara myeupe ambayo kesho yake mtu ataanza kuisugua.