Bob Si Mjomba wa Mtu

Mfasiri anayeugeuza msemo wa mitaani wa Kiingereza cha zamani, “Bob's your uncle”, kuwa “Bob ni mjomba wako”, amefasiri maneno na kuiacha maana. Waingereza huutia msemo huo mwishoni mwa maelekezo, kuonyesha kwamba shughuli imekwisha bila taabu.

Wako wanaosimulia kuwa chanzo chake ni Waziri Mkuu Robert Cecil, ambaye mwaka 1887 alimpa mpwawe, Arthur Balfour, madaraka ya kuisimamia Ireland. Ni kweli kwamba Cecil alikuwa mjomba hasa, kwani mama yake Balfour alikuwa dada wa Cecil. Lakini msemo wenyewe waonekana katika maandishi tangu miaka ya 1920. Kisa hicho hakitoshi kuwa ushahidi.

Hatari iko hapa: msomaji wa Kiswahili akimkuta mjomba katika maelekezo ya kujaza fomu, atadhani cheti hupatikana kwa kujuana. Twapendekeza “basi, kazi imekwisha”. Na penye mzaha, “basi, mambo tayari”. Mjomba na abaki nyumbani kwake.