Reli, Bomu na Bega la Mpagazi

Maandishi ya vita yana desturi ya kupenda vyombo kuliko watu. Meli huhesabiwa, ndege husifiwa, reli iliyokatwa huchorewa ramani. Bali mtu aliyeshika kazi ya chombo kilichovunjika hupitwa kimya. Desturi hiyo yaonekana katika maandishi juu ya vita vya Ziwa Tanganyika vya 1914 hata 1918. Mahali pafaapo pa kuipimia ni Ufipa, uwanda ulioinuka juu ya ziwa hilo, ambako wakati ule hapakuwa na reli, na hata leo reli haijafika Sumbawanga.

Lakini kipimo chenyewe chapatikana mbali, katika mji wa London. Usiku wa 14 Oktoba 1940 bomu la Wajerumani lilianguka barabarani huko Balham, likapasua mabomba. Maji na udongo vikamiminika katika stesheni ya reli ya chini ya ardhi, na zaidi ya watu 60 wakafa humo. Treni hazikupita tena mahali hapo mpaka Januari 1941. Picha iliyoenea duniani ni ya basi lililotumbukia shimoni. Waliokuwa chini hawaonekani. Msanii Henry Moore alitazama upande wa pili. Mchoro wake mmoja mashuhuri ni wa handaki la Liverpool Street, ambamo reli ilikuwa haijatandikwa. Hamna treni ndani yake. Mna watu waliolala safu mbili, wamefunikwa mablanketi, kana kwamba wao ndio mataruma ya njia hiyo. Moore alielewa kwamba habari ya reli iliyopigwa ni habari ya miili ya watu.

Ziwa Tanganyika nalo lilionja mabomu. Mwezi wa Juni 1916 ndege za Wabelgiji zinazotua majini ziliishambulia Kigoma, bandari iliyo mwisho wa reli itokayo Dar es Salaam. Reli hiyo ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, nayo ndiyo iliyosafirisha vipande vya meli Graf von Götzen, iliyounganishwa palepale ufukoni. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe, na katika kurudi nyuma wakayavunja madaraja ya reli ili adui asiyatumie. Meli iliopolewa mwaka 1924, na tangu 1927 yajulikana kwa jina la Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia kwa upande wa kusini wa ziwa mwaka 1867. Huko kusini, Juni hiyohiyo ya 1916, jeshi la Waingereza lililotoka Rhodesia ya Kaskazini liliitwaa Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga, boma ambalo Wajerumani walilitumia kuitawala Ufipa.

Habari hizo husimuliwa mara nyingi, na husimuliwa vizuri. Lisiloulizwa ni hili: palipokuwa na reli iliyovunjwa, na pale kama Ufipa ambapo haikuwapo kabisa, nani alibeba? Jibu ni mpagazi. Mzigo wake wa desturi ulikuwa ratili 60, na posho yake kiasi cha ratili mbili kwa siku. Hesabu ni nyepesi na inatisha: akibeba chakula, safari ya siku 15 kwenda na 15 kurudi yaumaliza mzigo wote tumboni mwake, na askari aliye mbele hapati kitu. Basi ama wapagazi waongezwe, ama posho yao ipunguzwe. Yalitendeka yote mawili. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yao hukadiriwa kuwa 95,000 au zaidi, wengi wao kwa maradhi na njaa. Tena toka ufukoni Kasanga mpaka uwanda wa Sumbawanga kuna kupanda kwa karibu mita 1,000.

Kwa mwanga huo na isomwe riwaya ya C. S. Forester, The African Queen, iliyotolewa 1935 na kufanywa filamu mwaka 1951. Kisa chake kimezaliwa na vita vya ziwa hili. Mwanzoni kabisa Wajerumani wanawachukua wenyeji wote wa kijiji cha misheni. Forester, basi, alijua kwamba vita viliwahitaji watu hao. Lakini baada ya kuchukuliwa hawarudi tena katika kisa; njia inabaki wazi kwa Waingereza wawili na mashua yao. Mtu aweza kusema kwamba mtunzi ana uhuru wa kuchagua mashujaa wake. Ni kweli, anao. Walakini uhakiki nao una haki ya kuuliza kijiji kizima kimekwenda wapi, na kimekwenda kikiwa na mzigo gani kichwani.

Abdulrazak Gurnah, katika Afterlives ya 2020, ameirekebisha picha hiyo kwa sehemu kubwa. Vita anavionyesha kutoka ndani, kwa macho ya askari Mwafrika, na wapagazi wanapita katika kurasa zake. Hata hivyo aliyepewa moyo wa kisa ni askari. Hali ni hiyohiyo katika sanamu ya Askari mjini Dar es Salaam, iliyosimamishwa 1927: maandishi yake yanawataja wapagazi, bali shaba imefinyangwa kwa umbo la mwenye bunduki.

Lugha imekuwa na kumbukumbu kuliko vitabu. Kikosi cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Ndimi za watu zikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo, na mahali pa kambi yao pakawa soko la mji mzima. Kila anunuaye nyanya Kariakoo hutamka jina la kikosi hicho, hata kama hajui.

Lakini neno moja si fasihi. Waliobeba wamekwisha kufa. Yaliyosalia ni yale ambayo wajukuu waliyasikia kwa Kifipa karibu na moto, pamoja na shajara ambazo Mapadre Weupe walikuwa na desturi ya kuziandika katika misheni zao. Mwanafunzi wa Sumbawanga ana njia fupi zaidi ya kuyafikia hayo kuliko mtunzi yeyote wa London. Akiyakusanya, kazi yake haitakuwa pambo la historia ya wilaya. Itakuwa kipimo cha kuhakikia kila kitabu cha vita kitakachoandikwa juu ya ziwa hili, na mtunzi ajaye hatapata tena udhuru wa kukiondoa kijiji katika ukurasa wa kwanza.