Dada wa Steshenari

Ukitaka kujua nani hasa anaandika mjini siku hizi, achana na wachapishaji wa vitabu. Nenda steshenari. Kaa kwenye benchi la nje, chini ya bango la kopi, skani, laminesheni na picha za pasipoti, usubiri zamu yako. Ndani kuna kompyuta moja au mbili, printa ya Epson yenye vitangi vya wino, kitambaa cha bluu kilichotundikwa ukutani kwa ajili ya picha, feni, na dada mmoja anayechapa bila kutazama vidole. Mikononi mwake zinapita barua za kuomba kazi, mikataba ya kupanga nyumba, ratiba za harusi, mihtasari ya vikoba, malalamiko dhidi ya majirani, hata mahubiri ya Jumapili. Sidhani kama kuna mwandishi wa riwaya nchini anayesomwa kwa makini kama yeye, maana wasomaji wake ni watu wenye mihuri.

Mtazame akiwa na mteja. Mama mmoja ameingia na shauri lake: jirani anamwaga maji machafu, yanaishia uani kwake. Anataka barua ya kwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Anaanza kusimulia ukuta ulijengwa lini, marehemu mumewe alisema nini, kuku waliokufa, mtoto wa jirani asiyeamkia watu. Dada hachapi. Mikono imetulia juu ya kibodi, anaitikia tu. Kisha anauliza, moja baada ya jingine: Yalianza lini, mama? Ulishamwambia mwenyewe? Ulipomwambia alikuwepo nani? Na la mwisho, ambalo mimi naliona ndilo lenye ufundi wote: Sasa unataka mwenyekiti afanye nini?

Mama ananyamaza. Amekuja na hasira, ombi hana, na barua isiyo na ombi huishia kwenye faili. Anafikiri. Anataka mwenyekiti aje aone kwa macho yake, basi. Hapo ndipo vidole vinapoanza. Yah: Malalamiko kuhusu maji machafu. Aya tatu fupi. Mama akishikilia iandikwe pia kwamba jirani ni mchawi, anajibiwa kwa upole, "Hilo tuliache, mama. Akija utamweleza mwenyewe kwa mdomo." Halafu barua yote inasomwa kwa sauti. Mama anaitikia kwa kichwa: hivyo hivyo, ndivyo nilivyosema. Hakusema hivyo hata mara moja.

Kazi hiyo anaifanya kwenye programu ambayo Kiswahili imekizoea kwa shida. Microsoft Word iliyowekwa Kiingereza hupiga mstari mwekundu chini ya karibu kila neno, ukurasa mzima ukaonekana kama daftari la mwanafunzi aliyefeli. Orodhesha masharti ya mkataba: (a) inakubali, (b) inakubali, ukifika (c) inageuka yenyewe kuwa alama ya hakimiliki, ©. Nimeshaona mikataba ya nyumba yenye sahihi za mashahidi wote na alama hiyo imekaa katikati ya masharti, hakuna aliyeishtukia. Dada anaijua. Anabonyeza Ctrl na Z, herufi inarudi, anaendelea bila kupunguza mwendo. Mistari myekundu aliizima zamani, kwa hiyo kisahihishi ni macho yake.

Ufundi huu una ukoo. Kabla ya kompyuta walikuwepo wahazili, waliojifunza hatimkato na kupimwa kwa idadi ya maneno wanayopiga kwa dakika, na waliopitia Chuo cha Uhazili Tabora walijulikana ofisini kwa unadhifu wa kazi yao. Kwenye taipureta kosa lilikuwa na gharama. Karatasi ya juu, kaboni, nakala ya pili, kaboni, nakala ya tatu: ukikosea herufi moja unafuta mara tatu. Kwenye stensili ya mitihani unapaka dawa ya kusahihishia, unapuliza ikauke, unapiga tena. Sentensi ilimalizwa kichwani kabla kidole hakijagusa kitufe. Nyuma zaidi yuko Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, mchongaji na mwandishi wa nakala za tenzi kwa herufi za Kiarabu. Wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner na Ernst Dammann walimtegemea, na nakala zake zimehifadhiwa London hadi leo. Kijuma anatambulika kwa mwandiko. Dada wa steshenari anatumia Times New Roman, saizi 12, kama watu wote. Yeye utamtambua kwa mahali anapoikata sentensi.

Mtandao ulikuja na ahadi ya kumwondoa mtu wa katikati. Kila mtu angejaza mwenyewe, kwa simu yake, akiwa kwake. Basi nenda kaone foleni dirisha la mikopo ya elimu ya juu linapofunguliwa. Maombi ya HESLB yanafanyika mtandaoni, ajira za serikali zinapita Ajira Portal, na waombaji wamejaa pale pale kwenye benchi. Kenya ni hivyo hivyo kwenye saiba inapokaribia Juni 30, siku ya mwisho ya ritani za kodi za KRA, pamoja na za mwenye PIN ambaye mwaka mzima hakuingiza shilingi. Watu hawa wana simu na kusoma wanajua. Wanachokiogopa ni kitufe cha kutuma.

Na wana sababu. Fomu ya karatasi ilipokelewa na karani, na karani ungeweza kumweleza. Mfumo hauelezwi. Cheti cha kidato cha nne cha kijana kinasema Ramadhani, kitambulisho cha NIDA kinasema Ramadhan. Dada ameliona hilo kabla hajafungua fomu, akiwa bado anakagua zile tarakimu 20 za NIDA, ambazo nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Anamrudisha akashughulikie jina kwanza, na hela ya siku hiyo imempita. Akija mzee mwenye majina mawili na mfumo unadai matatu, wanakaa kushauriana kuhusu babu.

Kuna upande usionifurahisha. Asiye na baruapepe hufunguliwa hapo hapo, na neno lake la siri linaandikwa kwenye daftari la duka kwa sababu mwenyewe atalisahau. Namba ya uthibitisho ikiingia kwenye simu, mteja anaisoma kwa sauti, benchi zima linasikia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini lile daftari linalindwa na uaminifu wa mtu mmoja na kufuli la droo.

Siku hizi vijana wanakuja na barua tayari kwenye simu, imetungwa na ChatGPT, wanataka kuprinti tu. Tahajia haina kosa. Ila barua ya kuomba mafunzo kwa vitendo kwenye halmashauri inaanza kwa kutumaini kwamba inamkuta mkurugenzi akiwa na afya njema, inaeleza shauku kubwa, inairudia shauku hiyo, inamaliza kwa kumshukuru kwa muda wake wa thamani. Kurasa mbili. Jina la chuo halimo, tarehe ya kuanza haimo, wala haipiti kwa mkuu wa chuo. Mimi sizipingi programu hizo. Anayeogopa karatasi tupu zimempa pa kuanzia, na dada mwenyewe huzitumia kutafsiri matangazo ya kazi ya Kiingereza. Lakini barua ile anaivuta karibu na kumuuliza kijana yale yale aliyomuuliza mama wa maji machafu. Unataka nini? Kuanzia lini? Umepitia kwa nani? Kisha anafuta. Shauku inaondoka yote. Inabaki Yah, aya mbili, na nafasi ya sahihi.

Kijana anaisoma, anaridhika, halafu anakumbuka bei. Ubaoni imeandikwa kwamba kuchapa ni kwa ukurasa. Kurasa mbili zimekuwa nusu, na wamekaa hapo karibu saa nzima. Dada anamtoza ukurasa mmoja. Kijana anauliza kama anaweza kulipia nusu.