Jinsi ya Kumpima Kiungo Msimu wa Tetesi

Tarehe 25 Julai 2021, Uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma, fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam. Yanga wana Mukoko Tonombe, kiungo mkabaji Mkongo waliyemtoa AS Vita ya Kinshasa. Simba wana Taddeo Lwanga, kiungo mkabaji Mganda. Kipindi cha kwanza hakijaisha, Mukoko anaoneshwa kadi nyekundu. Zikiwa zimebaki kama dakika kumi, Lwanga anaruka kwenye kona, anapiga kichwa, mpira uko wavuni. Simba 1, Yanga 0. Kwa sisi wa Mpondwe, Uganda, ambao mto Lhubiriha tu ndio unaotutenga na Kasindi ya Kongo, mechi ile ilikuwa na ladha ya pekee: kila upande wa daraja ulikuwa na mtu wake, na nafasi yao ilikuwa moja.

Ilikuwa rahisi sana kuhukumu siku hiyo. Lwanga akawa dhahabu, Mukoko akawa wa kuuzwa. Lakini bao la kichwa halisemi lolote kuhusu ukabaji wa kiungo, na kadi moja haifuti msimu mzima. Mukoko hakutupwa popote. Januari 2022 alichukuliwa na TP Mazembe, timu ambayo haiokoti wachezaji. Lwanga, kwa upande wake, alisumbuliwa na majeraha na mwaka huohuo akaondoka Simba. Na mtu aliyekuja Yanga Agosti 2021 kushika katikati ya uwanja alikuwa Mganda mwingine, Khalid Aucho, akiwa na umri wa miaka 28, aliyekwisha kupita Gor Mahia ya Kenya, Baroka ya Afrika Kusini, Red Star ya Belgrade ambako hakupata nafasi ya kudumu, kisha India, kisha Misri. Kwa mtu anayesoma wasifu tu, huyo ni mchezaji aliyeshindwa kutulia. Yanga ikachukua ubingwa wa ligi misimu minne mfululizo yeye akiwa kikosini.

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, mabishano ya namna hii hurudi, kwenye vibanda vya mpira vya Bwera na mpaka sokoni, hasa Jumanne na Ijumaa watu wanapovuka kwa wingi. Huyu anakwenda Yanga, yule Simba, mwingine Mazembe, Vipers wanamtaka fulani. Nataka kumpa msomaji macho ya kutazama kiungo, ili tetesi zikija awe na kitu chake mkononi.

Kosa linaloharibu mabishano mengi ni kulinganisha watu wasiofanya kazi moja. Namba sita, Aucho au Mukoko, kazi yake ni kuifanya timu isivunjike: anasimama mbele ya mabeki wa kati, anapokea mpira kutoka kwao, anaziba njia. Namba nane hupanda na kushuka. Mudathir Yahya ni mfano mzuri, mtu wa mapafu, anayeingia eneo la hatari akiwa amechelewa kwa makusudi ili asikabwe. Namba kumi, kina Clatous Chama na Stephane Aziz Ki, wanalipwa ili wafungue mlango. Ukisikia mtu anasema Feisal Salum ni bora kuliko Aucho kwa sababu ana mabao mengi, mwambie aanze upya. Kwanza uliza klabu inayotajwa imepungukiwa na nini, halafu ndipo uulize nani anafaa.

Ukishajua kazi yake, mtazame kabla mpira haujamfikia. Hapa ndipo ninapotaka nikae, kwa kuwa hapa ndipo ubora wa kiungo ulipo, na hapa ndipo kamera za televisheni zinapotunyima, maana zinafuata mpira. Viwanja vingi vya huku kwetu, chini ya Rwenzori, vimechongwa kwenye mteremko, na upande mmoja hubaki ukingo wa udongo ambako watoto hukaa. Panda hapo. Usisimame pembeni mwa mstari, kwani kutoka chini wachezaji wote huonekana wamerundikana. Kutoka ukingoni unaona nafasi zilizo wazi kati yao, na nafasi hizo ndizo kiungo anazofanyia kazi.

Chagua kijana mmoja wa katikati, msahau mwenye mpira, mtazame yeye tu robo saa nzima. Angalia kichwa chake. Kiungo mwenye akili hugeuza shingo mpira ukiwa bado kwa beki, akatazama begani. Mpira ukiondoka kwa beki kuja kwake, anatazama tena mara ya pili, kwa haraka. Kwa hiyo anapoupokea tayari anajua nani yuko nyuma yake na wapi pako wazi. Asiyetazama huwa anajua adui amefika anapoguswa mgongoni, na hapo hana la kufanya ila kurudisha nyuma.

Kisha shuka kwenye miguu. Mpira ukija kutoka kushoto kwake, anaupokea kwa mguu upi? Akiupokea kwa mguu wa kulia, ule ulio mbali na mpira, mwili wake unafunguka na mguso uleule unamgeuza kuelekea lango la wapinzani. Akiupokea kwa mguu wa karibu, amejifungia mwenyewe. Ni jambo dogo, lakini hilo ndilo linalomfanya kiungo apige pasi ya kwenda mbele pale mwenzake anapokosa muda. Aucho amejengeka hapo. Hana mbio za kutisha, na wala hakuwahi kuzihitaji, kwa kuwa mguso wa kwanza ulikuwa ukimwondoa kwenye shinikizo kabla mkabaji hajafika.

Lakini tuwatendee haki vijana wa viwanja vyetu. Uwanja wenye mabonde na mawe hauruhusu mguso safi. Mpira unadunda, unapiga ugoko, unatoka. Mwalimu anayekuja kutoka Kampala, aliyezoea nyasi bandia za Lugogo, anaweza kumwona kijana wa Bwera ana mguu mgumu akamkata. Mimi namhukumu kwa kile alichofanya kabla ya mpira kudunda. Kama alitazama begani, kama aliweka mwili nyuma ya mpira, kama alichagua mguu sahihi, basi kosa ni la ardhi. Mpeleke kwenye uwanja mzuri, baada ya muda mguso utakuja. Kinyume chake hakiwezekani kirahisi: mwenye mguso mtamu asiyetazama kabla ya kupokea, ukimpeleka ligi yenye kasi ataporwa mpira kila siku.

Kuhusu pasi, takwimu zinadanganya. Kiungo anaweza kumaliza mechi akiwa na pasi sahihi karibu zote kwa kuwa zote alizipiga kwa beki aliye mita tano. Tazama pasi inamfikia mwenzake ikiwa na uzito gani, na inamfikia mguu upi. Pasi nzuri humwambia mpokeaji afanye nini: ikija kwenye mguu wa mbali, inamwambia geuka, ikija mguu wa karibu, inamwambia kuna mtu, rudisha. Chama katika ubora wake alikuwa bingwa wa hilo. Mpira wake uliwahi kufika mahali ambapo mshambuliaji alikuwa hajafika, na ukamsubiri. Wenzetu wa ng'ambo ya mto wanamkumbuka kwa jingine: tarehe 16 Machi 2019, Simba ikihitaji ushindi dhidi ya AS Vita ili iingie robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, ni yeye aliyefunga bao la pili dakika ya 90.

Ukabaji ndio unaopotosha mashabiki kuliko vyote. Jukwaa hulipuka kiungo anapoteleza chini na kuchota mpira, na mtu huyo huitwa mkata umeme. Sawa, mara moja moja inabidi. Lakini kiungo anayelala chini kila mara ni kiungo anayechelewa kila mara. Mkabaji halisi anafika mapema, anasimama kwenye njia ya pasi, na mpinzani anaamua kutoipiga. Hakuna anayeshangilia pasi ambayo haikupigwa. Mtazame beki wa pembeni anapopanda: je, namba sita anasogea kuziba pengo lile, au anabaki kushangaa mpira kama sisi watazamaji? Na anapofanya madhambi, anayafanya wapi? Madhambi ya katikati ya uwanja, timu ikiwa imefunguka, ni ya mtu anayejua kazi. Madhambi ya mita 20 kutoka lango lake ni ya mtu aliyepitwa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo tetesi hulisahau kabisa, nalo ni majirani wa kiungo. Msimu wa 2023/24 Aziz Ki alimaliza Ligi Kuu Bara na mabao 21, Feisal na 19. Mitaani ikawa moja kwa moja kwamba wa kwanza ni bora. Tazama basi nani alikuwa karibu nao. Aziz Ki alikuwa Yanga, na Aucho na Mudathir nyuma yake, Pacome Zouzoua na Maxi Nzengeli pembeni yake, timu iliyokuwa ikimiliki mpira karibu kila mechi. Feisal alikuwa Azam, alikohamia 2023 baada ya mvutano mrefu na Yanga, mvutano ulioanza alipotaka kuvunja mkataba Desemba 2022 na ukafika hadi Rais Samia Suluhu Hassan kuwaomba viongozi wa Yanga waumalize. Huko Azam mzigo wa ushambuliaji ulikuwa mabegani mwake, na bado walimaliza nafasi ya pili, mbele ya Simba.

Kwa jicho langu, Aziz Ki alikuwa na mguu wa kushoto ambao Feisal hana, hasa kwenye mipira ya adhabu. Lakini Feisal ana kitu kinachosafiri vizuri zaidi: anajua muda wa kuingia ndani ya boksi bila mpira. Mabao ya namna hiyo hayategemei sana nani anacheza pembeni yake. Ndiyo maana kila dirisha jina lake linapotajwa na klabu hii au ile, mimi huwa sishangai.

Ukipima uhamisho, basi, uliza kiungo huyu atavuka na nini. Chama aliondoka Simba 2021 kwenda RS Berkane ya Morocco akiwa mfalme wa Dar es Salaam. Januari 2022 alikuwa amerudi Simba. Jicho lake la pasi lilivuka naye, bila shaka, lakini uhuru aliopewa Simba, wa kuzurura na kutokaba sana, haukuvuka. Kiungo Mkenya Victor Wanyama ni mfano wa upande wa pili. Southampton walimnunua kutoka Celtic mwaka 2013 kwa pauni milioni 12.5, na miaka mitatu baadaye Tottenham wakatoa milioni 11. Mashabiki wengi walikumbuka kichwa alichoifunga Barcelona Novemba 2012. Kilichomfikisha Ligi Kuu ya Uingereza ni nguvu za mwili, kusimama mahali sahihi na kutotapatapa, vitu ambavyo havihitaji mwenyeji kukuzoea. Na yapo mambo yasiyohusu ubora hata kidogo: kaka yake, McDonald Mariga, Januari 2010 alikuwa njiani kwenda Manchester City, kibali cha kazi kikakataliwa, akaishia Inter Milan iliyotwaa Ligi ya Mabingwa msimu uleule.

Kuhusu tetesi zenyewe sitasema mengi. Angalia mkataba unaisha lini, kwa kuwa kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kuzungumza na klabu nyingine miezi sita ya mwisho. Hapo tetesi ina mashiko. Angalia pia kama klabu inayotajwa ina pengo katika nafasi hiyo. Vikikosekana vyote viwili, kuna uwezekano mkubwa kwamba wakala anatafuta mshahara mpya kwa klabu ileile.

Na klipu. Mnunuzi wa kahawa anayeijua kazi yake hatosheki na punje za juu ya gunia. Huzamisha mkono hadi chini. Klipu ya dakika mbili ni punje za juu. Haioneshi mara ngapi kiungo alipoteza mpira, wala alifanya nini baada ya kuupoteza, wala dakika ya 80 alikuwa akitembea au akikimbia.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa walimu wa michezo na wazazi wa Kasese na Bwera, na wenzetu wa Kasindi na Beni, wenye vijana wa katikati ya uwanja wanaotafuta timu. Acheni kutuma chenga na mabao. Mwekeni mtu mwenye simu juu ya ukingo, arekodi mechi nzima bila kukata, kwa upana, mpira ukienda upande mwingine asiufuate hadi kijana akatoka kwenye picha. Andikeni jina, mwaka wa kuzaliwa, mguu anaoutumia na namba anayocheza. Tumeni hiyo, pamoja na mechi moja ambayo timu yake ilifungwa.