Mpime Mhalifu kwa Kusita Kwake

Juzi hapa Moshi nilisikia riwaya moja ya upelelezi ikimiminiwa sifa kwamba eti mhalifu wake ni mgumu kueleweka na anabadilika. Sitaitaja. Jamaa anamuua kaka yake kwa ajili ya kihamba, shamba la ukoo, anamuua shahidi, anaua tena. Ukurasa wa mwisho anapanda mlimani na jani la isale mkononi, analia, anasamehewa. Wasomaji nao wakalia. Isale, jani la kuombea msamaha, ni kitu kizito kwetu Wachagga, na ndiyo maana naudhika: mwandishi ameazima heshima yake ili azibe pengo la usawiri. Muuaji yule hakubadilika. Mwandishi ndiye aliyembadilisha, kwa nguvu, kitabu kilipokuwa kinamwishia.

Wachambuzi wengi hukimbilia utoto wa mhalifu. Alipigwa na baba wa kambo, alilala njaa, mbinu rejeshi mbili tatu, basi ameshakuwa mhusika duara. Namfahamu mwandishi aliyekuwa akimaliza hadithi yote kwanza, kisha anarudi sura ya pili kupachika dhiki za utotoni. Akasifiwa kwa kina.

Badala ya utoto, tazama muda unaopita kati ya nia na tendo. Hapo ndipo mhalifu anapojifunua, na hapo ndipo msomaji mgeni anaporuka kurasa.

Chukua Makbeth, tafsiri ya Shakespeare aliyoitoa Samuel Mushi mwaka 1968. Ni tamthilia, lakini hakuna riwaya ya uhalifu iliyoipita. Kabla ya kumuua mfalme Duncan, Makbeth anahesabu sababu za kuacha, anamwambia mkewe waishie hapo, anasukumwa, anaona jambia likielea hewani. Zamu ya rafiki yake Banquo hasukumwi na mtu. Anatafuta wauaji mwenyewe, na mkewe hamwambii. Ikifika kwa mke na watoto wa adui yake Macduff, wazo na amri vinatoka pamoja. Hakuna msimulizi wa kutuambia kwamba mtu huyu ameoza. Tumeona kusita kukifupika mpaka kukaisha.

Sasa rudi kihambani, tuiandike upya riwaya ile. Usiku wa kwanza mhalifu anakwenda kung'oa masale ya mpakani. Mbwa wa kaka yake anamjua, habweki, anamlamba mkono. Jamaa anasimama, anapapasa jani, anarudi kulala. Anayang'oa usiku wa tatu. Sura tano mbele anapita njia ileile na panga, mbwa yuleyule anamfuata akitikisa mkia, naye hapunguzi hata mwendo. Inatosha; mwandishi asiongeze neno. Na akitaka mtu huyu aongoke, kusita ndiko kutangulie kurudi, sura nyingi kabla ya isale: ashike komeo, aliachie.

Kezilahabi alijua kwamba mhalifu habadiliki ghafla. Katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975), Tumaini anafika kwenye mauaji baada ya maisha mazima ya kutapanya, kutulia, kujenga na kunyang'anywa. Wala uhalifu si lazima uwe wa kumwaga damu: katika Kiu (1972) ya Mohamed Suleiman Mohamed, Idi hahitaji bastola kumteketeza Bahati. Wahalifu wa Musiba, kwa upande wao, hawabadiliki, wala riwaya yake Kufa na Kupona haikudai hivyo. Mbio zake ndizo zilizotufanya tuisome kwenye basi la Dar, tukipokezana, hadi jalada likachomoka. 

Mengine ni mafupi. Mhalifu awe na kazi anayoijua barabara. Asilie kabla ya kukamatwa. Akiwa na kovu usoni, weka kitabu chini.

Ukiwa dukani, usisome jalada la nyuma. Tafuta kosa la kwanza, kisha la tatu, ulinganishe mhalifu alichukua muda gani kila mara. Kama hakuna tofauti, rudisha kitabu kwenye rafu, hata kama mji mzima unakisifu.