Jirani aliyebadili umbo la daraja la Runcorn

Miji ya Runcorn na Widnes, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, inatazamana pale mto Mersey unapobanwa na kuwa mwembamba. Viwanda vya kemikali vimewapa kazi watu wa pande zote mbili tangu karne ya 19, lakini kuvuka kulikuwa shughuli. Reli ilipata daraja lake mwaka 1868. Magari yalingoja hadi 1905, na hata hapo hayakupewa barabara: yalipakiwa kwenye behewa lililoning'inizwa kwa nyaya, likavutwa polepole hadi ng'ambo. Foleni zikawa ndefu.

Wahandisi wa Mott, Hay and Anderson walipoombwa daraja la kudumu, wazo la kwanza lilikuwa daraja la kuning'inia lenye upana wa mita 310 hivi kati ya nguzo. Mfano wake mdogo ulipojaribiwa kwa upepo, majibu yakawashangaza. Likiwa peke yake, daraja lilitulia. Likiwekwa jirani na daraja la reli, lilitikisika vibaya.

Sababu iko kwenye hewa yenyewe. Upepo unaopita kwenye daraja zito la reli hutoka umevurugika, umejaa vizingia. Vizingia hivyo vikipiga barabara nyepesi inayoshikiliwa na nyaya kwa mapigo yanayolingana na mtikisiko wake wa asili, kila pigo huongezea lile lililotangulia. Reli isingeweza kuhamishwa, kwa hiyo daraja jipya ndilo lililobadili umbo.

Likachaguliwa tao la chuma, la jamii moja na lile maarufu la Sydney, ila kwa tofauti moja kubwa. Sydney, tao huishia kwenye egemeo zake, na vipande vya pembeni vinasimama kivyake. Runcorn, chuma cha tao hakikatiki: kinapita juu ya egemeo na kuendelea hadi kwenye mikono miwili ya pembeni, mita 76 kila mmoja. Upepo ukitaka kuinua au kupinda sehemu ya kati, lazima uinue na kupinda mikono hiyo pia. Ukakamavu huo ndio uliomaliza tatizo la jirani.

Ujenzi ulianza mwaka 1956. Nusu mbili za tao ziliunganishwa kipande kwa kipande, kila moja ikitokea upande wake na kujitokeza juu ya maji, hadi zikakutana katikati. Tani zipatazo 5,900 za chuma zilishikamanishwa kwa ribiti 720,000. Ribiti hupashwa moto hadi iwe nyekundu, hupitishwa tunduni ingali laini, kisha mwisho wake hugongwa hadi ufanye kichwa cha pili. Ikipoa husinyaa, na kwa kusinyaa huko huzibana bamba zishikamane barabara.

Binti Mfalme Alexandra alilizindua tarehe 21 Julai 1961. Upana wa tao, mita 330, uliliweka la tatu duniani kati ya matao ya chuma, nyuma ya Bayonne la Marekani na Sydney. Lilipita kwa takriban mita moja tu daraja la Birchenough juu ya mto Save, katika Zimbabwe ya leo, lililokamilika mwaka 1935.

Magari yaliongezeka haraka kuliko ilivyotarajiwa. Kati ya 1975 na 1977 njia ya waenda kwa miguu ilihamishiwa nje, ikashikizwa ubavuni mwa daraja, na nafasi iliyoachwa ikatoa barabara ya njia nne. Ndipo likapewa jina la Silver Jubilee, kwa heshima ya miaka 25 ya utawala wa Malkia Elizabeth II.

Mwaka 2017 daraja jingine, Mersey Gateway, lilifunguliwa umbali wa kama kilomita moja na nusu kuelekea juu ya mto, mbali na daraja la reli. Huko barabara inashikiliwa na nyaya zinazoshuka kutoka kwenye minara mitatu.