Kila Chombo na Swali Lake

Wilaya ya Kasese imepitiwa na mistari miwili mikubwa ya dunia. Wa kwanza ni Ikweta, unaojulikana na kila abiria wa basi la Mbarara kwa ile alama yake kando ya lami, karibu na Kikorongo. Wa pili ni longitudo ya digrii 30 Mashariki, na huo watu huuvuka bila habari. Kwa wachora ramani ndio mpaka wa kanda ya 35 na kanda ya 36 za gridi ya UTM, gridi ya mita inayotumika kwenye ramani za serikali na kwenye vifaa vya setelaiti. Mji wa Kasese uko kanda ya 36; Bwera, kule mpakani na Kongo, iko kanda ya 35. Kifaa kinachosoma 166,000 ukiwa upande mmoja wa mstari kitasoma 834,000 ukipiga hatua chache kuelekea magharibi. Ukishuka kusini na kuivuka Ikweta, namba ya kaskazini inatoka sifuri na kuruka hadi karibu milioni 10. Wilaya ni moja, kanda za namba ni nne.

Hilo si jambo la darasani. Chukua namba za nyumba iliyoko Bwera, ziingize kwenye kifaa kilichowekwa kanda ya mji wa Kasese, nacho kitakuelekeza kama kilomita 670 upande wa mashariki, ndani kabisa ya Kenya, bila kusita wala kuomba radhi. Kwa hiyo mtu wa milima hii akiniambia kwamba kuchagua vyombo vya kutafutia njia ni ufundi wenye miiko yake, namwamini.

Bwesumbu ni gombolola ya mlimani, upande wa mashariki wa Rwenzori. Mashamba ya kahawa yamepanda na migongo ya milima, mito inakata makorongo kati yake, na juu yake ndiko kwenye msitu wa hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1991. Barabara za huko ni za udongo. Pikipiki hupanda hadi pale tairi linapokataa, kisha ni miguu. Wako watu ambao kazi yao ni kuwapitisha wageni humo: wakaguzi wa kahawa, wahudumu wa chanjo, watafiti wa mimea, wapanda mlima. Nimekaa na baadhi yao nikitazama wanavyofungasha mkoba kabla ya safari, na heshima yangu kwao imezidi kukua. Hawamuulizi mtu kifaa chake ni cha bei gani. Wanauliza kitajibu swali gani, na kitaanza kusema uongo wapi.

Tuanze na dira, kwa kuwa hapo ndipo nilipoona ufundi wenyewe kwa karibu. Mwongozaji mmoja wa makamo aliletewa dira mpya iliyonunuliwa Ulaya, safi, yenye kioo kisicho na mkwaruzo. Hakutazama kwanza inaelekeza wapi. Aliiweka juu ya kisiki, mbali na pikipiki na mbali na paa la mabati, akaisawazisha, akasubiri mshale utulie. Kisha akachukua ufunguo wa pikipiki, akausogeza upande wa kulia hadi mshale ukaufuata, akauondoa haraka na kutazama mshale unarudi wapi. Akafanya vivyo hivyo upande wa kushoto. Mshale ulirudi mahali pawili tofauti. Akaurudia mchezo huo, safari hii ameinamisha dira kidogo, na mshale ukacheza vizuri. Akamrudishia mwenyewe. "Hii ni nzuri kwao, kijana wangu," alisema. "Hapa kwetu inakwaruza chini."

Sababu yake ni hii. Nguvu ya sumaku ya dunia haivuti mshale kuelekea kaskazini tu. Huvuta pia kwenda chini. Ulaya ya Kaskazini ncha ya kaskazini ndiyo inayozama, hivyo watengenezaji huongeza uzito kidogo kwenye ncha ya kusini ili mshale ukae sawa. Sasa Bwesumbu, ingawa iko kaskazini ya Ikweta tunayoijua, iko kusini ya ikweta ya sumaku, inayopita kaskazini zaidi barani Afrika. Hapa ncha inayozama ni ya kusini, ile ile iliyokwisha kuongezewa uzito. Inalemewa mara mbili, inagusa sakafu ya kasha, inakwama, na mwenye dira anausoma mshale uliokwama kana kwamba umetulia. Dawa ni kununua dira iliyosawazishwa kwa kanda yetu, au ile yenye mshale wa kutumika dunia nzima. Mzee yule hana maneno hayo ya vitabuni, ana ufunguo wa pikipiki, na jibu lake ni sahihi.

Ramani ya karatasi wanaitunza kama hati ya shamba. Zile za zamani kutoka idara ya upimaji ya Entebbe, za skeli ya 1:50,000, zinaonyesha mgongo wa mlima na bonde lake kwa namna ambayo kioo cha simu hakiwezi: sentimita mbili ni kilomita moja, na mkono mmoja unafunika safari ya siku nzima. Barabara zilizochorwa humo zimekwisha kubadilika, lakini mlima haujahama. Mwenye ujuzi huisoma mistari ya kimo na kuacha barabara. Tena hakati ukingo wa karatasi ili iingie mfukoni, kama wafanyavyo wengi, kwa sababu ukingoni ndiko kulikoandikwa msingi wa vipimo. Ramani nyingi za Afrika Mashariki za kizazi kile zimejengwa juu ya msingi uitwao Arc 1960, na simu zetu zinatumia WGS84. Pointi ile ile, ikisomwa kwa misingi hiyo miwili, inatofautiana kiasi cha mita 300. Mjini mita 300 ni kuvuka mtaa. Kwenye makorongo ya Bwesumbu ni kuwa ng'ambo ya mto usio na daraja.

Kipima kimo, ile altimita inayofanya kazi kwa mgandamizo wa hewa, ndicho chombo ninachodhani kinadharauliwa kuliko vyote, na ndicho kinachofaa zaidi kwenye mlima wa ukungu. Ukiwa kwenye kijia kinachopanda mgongo mmoja, huhitaji kujua kaskazini iko wapi. Unahitaji kujua umepanda kiasi gani. Namba moja inakata mstari wa kijia, na hapo ndipo ulipo. Lakini nacho kina tabia zake. Katika nchi za Ikweta hewa ina kujaa na kupwa kwake kila siku: mgandamizo hupanda hadi saa nne asubuhi, hushuka hadi saa kumi jioni, na usiku hurudia mwendo huo. Mtu aliyeketi pale pale mchana kutwa ataona kimo chake kinaongezeka kwa mita 20 au 30. Anayejua hilo hurekebisha kifaa kila anapofika mahali penye kimo kinachojulikana, kama lango la hifadhi la Nyakalengija lililo kwenye mita 1,646, au makutano ya mito yaliyo wazi kwenye ramani. Na altimita ikimharibikia, ana nyingine imeota ardhini: msitu mrefu ukiishia na mianzi ikianza kutawala, yuko kama mita 2,400, mianzi ikiachia miti ya heather yenye ndevu za kuvumwani, amekaribia mita 3,000. Kosa lake laweza kuwa mita mia moja au mia mbili, lakini altimita hiyo haihitaji betri.

Jua nalo wanalitumia kwa akili. Asubuhi, mwaka mzima, halitoki mbali na mashariki kwa zaidi ya digrii 24. Ule ujanja wa kuelekeza mshale wa saa ya mkononi kwenye jua haufai hapa. Saa za Uganda zimepangwa kwa longitudo ya 45, ilhali Bwesumbu iko jirani na ile ya 30, hivyo jua hufika utosini karibu saa saba mchana, na likiwa utosini halionyeshi upande wowote. Kule Bwera lipo jingine: simu ikinasa mtandao wa ng'ambo inarudi nyuma saa nzima, kwa kuwa Kongo ya mashariki iko nyuma yetu kwa saa moja. Anayehesabu mwendo kwa muda avae saa ya kawaida.

Simu siidharau. Programu zinazotumia OpenStreetMap, ramani ya wazi iliyoanzishwa mwaka 2004, hupakuliwa mjini Kasese kwenye mtandao mzuri na kufanya kazi mlimani bila mtandao wowote, kwa kuwa setelaiti hazidai bando. Hapa kwenye Ikweta kuna faraja ya pekee: digrii ya longitudo na digrii ya latitudo zina urefu karibu sawa, kilomita 111, hivyo tarakimu ya tatu baada ya nukta ni mita 111 kokote uelekeako. Ukiweza kutoa na kuzidisha, unaweza kukadiria umbali hata kioo kikiwa na ufa. Ila korongo jembamba hurudisha mawimbi ya setelaiti kutoka kwenye kuta zake na kukuweka mahali usipo. Mvua hukifanya kioo kisisikie kidole. Na mistari ya kimo kwenye programu nyingi imetokana na rada ya chombo cha angani Endeavour kilichopima dunia Februari 2000. Rada hiyo msituni ilipima kimo karibu na vilele vya miti, na kwenye miteremko mikali iliacha mapengo yaliyozibwa kwa makadirio.

Wala simu haijui jana kulitokea nini. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013 na tena Mei 2020, ukachukua madaraja, nyumba na sehemu za hospitali ya Kilembe. Madaraja yale yalibaki yamechorwa. Kwa habari za namna hiyo chombo ni mdomo, nao una namna yake ya kutumiwa. Wageni huuliza, "Njia hii inakwenda shuleni?" Mkulima mwenye adabu, asiyetaka kumvunja mtu moyo, atasema ndiyo. Mwongozaji wa Bwesumbu kwanza husalimia, huuliza habari za nyumbani na za kahawa, kisha husema: "Njia hii inatokea wapi?" Hunyamaza na kusubiri. Baadaye anamuuliza mwingine, kilomita moja mbele, swali lile lile. Majibu mawili yakilingana na mgongo wa mlima ulioko kwenye ramani, pikipiki inawashwa.

Ndivyo wanavyofanya kwa vyombo vyote. Simu inasema tuko hapa, altimita inaulizwa kama inakubali, ramani inaulizwa kama mto unapaswa kusikika upande wa kushoto, sikio linajibu. Wakitofautiana, msafara unasimama mpaka ijulikane nani amekosea.

Ujuzi huu ni wa zamani. Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, alipofika vilele vya Rwenzori mwaka 1906, pamoja na mpiga picha Vittorio Sella, Wakonzo wa milima hii waliubeba mzigo na kuzijua njia za mabondeni kabla ya mtu yeyote wa msafara ule. Baadaye John Matte wa Ibanda aliwapanga waongozaji na wapagazi wa wapanda mlima kwa miaka mingi, na leo kibanda kimoja cha njia ya Bujuku kina jina lake. Vilele vina majina ya wafalme na wanasayansi wa Ulaya kwenye kila ramani. Vijito vya Bwesumbu vilivyo chini ya mashamba ya kahawa, ambavyo kila mtoto wa huko anaviita kwa jina, kwenye ramani nyingi ni mistari ya buluu isiyo na neno.

Hapo ndipo nina ombi kwa wenye simu wa Bwesumbu, Maliba, Bugoye na Bwera, hasa vijana wa shule. OpenStreetMap inahaririwa na yeyote, bure. Keti na mzee mmoja anayezijua njia, mwandike jina la kila kijito, kila mgongo na kila kivuko kama kinavyotamkwa kwa Lhukonzo, mweke na alama palipo daraja la magogo na palipokatika. Fanyeni hivyo kiangazi, Juni hadi Agosti, kabla mvua hazijafunga njia.